Msiitegemee Damu ya Mababu

Wajukuu zangu wa Kashaulili, Makanyagio, Nsemulwa na kote mnakoishi hapa Mpanda, kuna maneno nayasikia kwenye vijiwe vya bodaboda ambayo yamenishinda kuyanyamazia. Mmoja wenu anasema korona ilitupitia kando kwa sababu damu ya Mwafrika ni ngumu. Mwingine anadakia kwamba Wahindi ndio waliokwisha, maana damu yao nyepesi. Wa tatu, huyu ana simu kubwa kuliko wenzake, anasema amesoma kwamba wazungu waliurithi ugonjwa ule kwa watu wa kale waliozaa nao huko mapangoni, kwa hiyo hayo ni mambo yao. Mnacheka, mnapeana tano, mnatawanyika. Chanjo hakuna, kupima hakuna.

Huyo wa tatu ndiye aliyenikalisha chini niandike. Wale wawili wanapiga soga tu, na soga haina ushuru. Lakini yeye kashika kipande cha jambo la kweli, na mtu mwenye nusu ya habari ni kazi kumrekebisha kuliko asiyejua kitu. Mimi babu yenu nimezeekea maabara, jicho kwenye hadubini. Nikianza habari ya damu mnivumilie.

Habari yenyewe iko hivi. Ulaya na Asia ya magharibi waliishi watu wa kale ambao wataalamu huwaita Neanderthal. Walitoweka miaka 40,000 hivi iliyopita. Kabla hawajatoweka, wenzetu waliotoka Afrika walikutana nao, wakazaa nao, na ndiyo maana hadi leo mtu ambaye ukoo wake uko nje ya Afrika amebeba takribani asilimia 2 ya vinasaba vyao. Aliyefumbua hilo kwa kusoma vinasaba ndani ya mifupa ya kale ni Msweden, Svante Pääbo, wa Taasisi ya Max Planck kule Leipzig, Ujerumani, na mwaka 2022 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba. Mwishoni mwa Septemba 2020, katikati ya korona, yeye na mwenzake Hugo Zeberg walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba kuna kipande katika kromosomu ya 3, chenye urefu wa herufi 50,000 hivi za vinasaba, ambacho aliye nacho akiambukizwa ana hatari kubwa zaidi ya kulazwa na kuwekewa mashine ya kupumulia. Walipokilinganisha na mifupa ya kale kilifanana na cha Neanderthal mmoja aliyepatikana katika pango la Vindija, Kroatia, wa miaka kama 50,000 iliyopita.

Ulaya, watu 16 hivi kati ya 100 wanacho. Asia ya Kusini ni nusu ya watu, na Bangladesh peke yake asilimia 63 wana angalau nakala moja. Afrika hakipo, au ni kama hakipo.

Kwa hiyo kijana wa simu kubwa alikuwa sahihi? Mpaka hapo, ndiyo. Sasa niendelee pale alipoachia.

Kukosa mzigo mmoja hakukupi ngao. Uingereza walihesabu vifo vya wimbi la kwanza la korona kwa kufuata asili ya watu, na Ofisi yao ya Takwimu ikakuta wanaume weusi wenye asili ya Afrika walikufa kwa kiwango kinachozidi mara mbili cha wanaume wazungu. Hao ndio wenye hiyo damu mnayoiita ngumu, wasio na kipande cha Neanderthal cha kromosomu ya 3. Kilichowaua ni kazi za kukutana na watu kutwa kucha, udereva wa basi, uuguzi, usafi wa majengo, na nyumba za kubanana, pamoja na kisukari na shinikizo la damu. Umri nao ulihukumu kuliko kipande chochote cha urithi.

Na sisi huku? Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, Arusha. Ilipofika Mei takwimu zikaacha kutolewa. Nchi ambayo haikuhesabu wagonjwa wake haiwezi kujisifu kwamba damu ya watu wake iliwaokoa. Jambo moja linaloweza kusemwa bila kuuma maneno ni kwamba sisi ni taifa la watoto: sensa ya 2022 ilipata watu milioni 61.7, na karibu nusu hawajafikisha miaka 18. Korona ilipenda wazee. Ujana wenu ulisaidia, na ujana, wajukuu zangu, haurithiwi, tena unaisha.

Mkitaka ushahidi wa karibu kuhusu ugumu wa damu, tazameni Kagera. Machi 2023 homa ya Marburg iliingia Bukoba, wakaugua 9 wakafa 6. Januari 2025 ikarudi Biharamulo, ikahesabiwa watu 10, wakafa wote 10. Hakuna kirusi kilichosimama mlangoni kuuliza ukoo.

Kuna kitu kingine kwenye habari ile ambacho watu wa vijiweni hawakifikii, nacho ndicho kinachonivutia mimi. Neanderthal haohao waliacha kipande kingine, kwenye kromosomu ya 12, na hiki kinakinga. Mwanzoni mwa 2021 Zeberg na Pääbo walionyesha kwamba kila nakala yake inapunguza hatari ya kufikia wodi ya mahututi kwa asilimia 22 hivi. Ndani yake mna jeni iitwayo OAS1. Kazi ya jeni hiyo ni ulinzi: kirusi kikishaingia ndani ya chembe, inanusa herufi zake na kuita kimeng'enya cha kuzikatakata. Basi watu wakasema, aha, Wazungu na Waasia wana ngao, Waafrika hatuna. Mwaka uliofuata watafiti wakaigeukia damu ya watu wenye asili ya Afrika, wakakuta herufi ileile inayokinga iko pia kwetu, tena hatukuipata kwa kuchanganyika na mtu. Tunayo tangu kwa mababu waliokuwepo kabla sisi na Neanderthal hatujaachana. Wenzetu waliipoteza njiani, wakaja kurudishiwa na Neanderthal. Sijui nani hapo amcheke nani.

Halafu kile kipande kibaya cha kromosomu ya 3. Mwaka 2022 Zeberg aliuliza swali ambalo mimi nisingeliwaza: ikiwa kinadhuru hivi, kwa nini watu wengi namna hii Asia bado wanacho? Akapekua kumbukumbu za wagonjwa, akakuta wenye kipande hicho wana hatari ndogo ya kuambukizwa VVU, pungufu kwa asilimia 27 hivi. Jirani na kipande hicho, kwenye kromosomu hiyohiyo, kuna jeni ya CCR5, inayotengeneza mlango ambao VVU hupitia kuingia ndani ya chembe nyeupe, na wenye kipande hicho wana milango michache. Urithi wa namna hii huja kama mabehewa ya treni yetu ya kutoka Tabora na Kaliua: yameshafungwa pamoja huko yalikotoka, yanafika Mpanda yote, la mbao na la mafuta, na huwezi kusimama stesheni ukasema nishushieni hili, lile lirudi. Ila VVU vimewafikia watu juzijuzi tu, karne iliyopita, kwa hiyo si vyenyewe vilivyokitunza kipande kile miaka yote hiyo. Yawezekana ni ugonjwa mwingine uliokwishasahaulika.

Nanyi mna mfano wa urithi unaodhuru huku ukikinga majumbani mwenu, ingawa wenyewe hauhusu kirusi bali vimelea vya malaria. Nasema selimundu. Mara ngapi nimelifanya pimo lile! Unachoma kidole cha mtoto, unaweka tone kwenye kioo, unachanganya na metabisulfaiti, unafunika kwa kioo chembamba na kuziba kingo ili hewa isipite. Unasubiri. Chembe nyekundu zilizokuwa za mviringo, zimetulia, zinaanza kusinyaa upande mmoja, zinachongoka ncha, zinajipinda, na ukirudi kuchungulia baadaye uwanja mzima umejaa miundu midogo. Mama amekaa kwenye benchi nje anangoja jibu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kuchunguza damu za watu wa Afrika Mashariki, alichapisha kwamba mwenye nakala moja ya jeni ya selimundu hulindwa na malaria kali. Ndiyo maana haikufutika kwenye nchi zenye mbu kama yetu. Lakini wawili wenye nakala moja moja wakioana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa, na mtoto huyo hana kinga ya kujivunia, ana maumivu ya mifupa usiku kucha na safari za kuongezewa damu.

Hapo kuna ushauri nitakaoutoa bila kuzunguka: kabla ya mahari kupokewa, pimeni selimundu. Mnapima VVU siku hizi mkiwa wachumba, vizuri. Ongezeni na hili. Nimeona wazee wakiulizana ukoo na kabila, huyu Mpimbwe, yule Mfipa, huyu Mkonongo, hadi vyeo vya mababu, na hakuna aliyeuliza swali hili moja ambalo ndilo litakalolala kitandani na watoto wao.

Sasa turudi kwenye virusi, na kwa hilo twendeni msituni kidogo. Wengi wenu mmefika Katavi hifadhini kuwaona viboko wamebanana kwenye tope la Mto Katuma wakati wa kiangazi. Wachache mnajua kwamba mkoa wetu una sokwe. Wako misitu ya Ntakata, Wilaya ya Tanganyika, ile ambayo vijiji kama Mwese na Katuma vinalipwa fedha za kaboni kwa kuilinda. Kaskazini yake kuna eneo la Masito na Ugalla, na huko, kwenye bonde la Issa, watafiti waliokota sampuli 375 za kinyesi cha sokwe. Msicheke. Sokwe wa pale walikuwa hawajazoea watu, huwezi kumsogelea mmoja ukamtoa damu. Unamfuatia nyuma, unachota alichoacha, unatia kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhi, na kinyesi hicho kinakwambia ni sokwe yupi na ana virusi gani. Majibu yalichapishwa 2011: kati ya sokwe 67 waliotambuliwa, 21 walikuwa na SIV, kirusi ambacho ni ndugu wa VVU.

Kabla hamjaanza kusambaza kwenye makundi ya simu, sikilizeni: VVU vilivyoenea duniani havikutoka kwa sokwe wetu. Vilitoka kwa sokwe wa kusini mashariki mwa Kamerun, mwanzoni mwa karne ya 20. Hawa wetu ni wagonjwa kama sisi. Gombe, kule Kigoma alikoanza kazi Jane Goodall mwaka 1960, ilithibitishwa 2009 kwamba sokwe mwenye SIV ana hatari ya kufa mara 10 hadi 16 ya mwenzake wa umri uleule asiye nayo. Kundi la kusini mwa hifadhi, lenye maambukizi mengi, limekuwa likipungua mbele ya macho ya watafiti.

Mwaka 2015 ikaja kazi iliyonifurahisha kuliko zote. Walisoma jeni moja ya kinga katika sokwe 125 wa Gombe, wakakuta ina matoleo 11. Toleo mojawapo lilionekana zaidi kwa sokwe walioambukizwa, na wenye toleo hilo walitoa virusi vichache zaidi kwenye kinyesi. Muundo wake unafanana mno na toleo la binadamu liitwalo HLA-B*57, ambalo hujulikana kuliko mengine yote kwa kuchelewesha UKIMWI kwa watu. Fikirini: sokwe wa kando ya Ziwa Tanganyika na mtu aliyeko kliniki wanapigana na virusi viwili vya ukoo mmoja, kila mmoja na silaha inayoshabihiana na ya mwenzake. Familia hii ya jeni za kinga ni ya zamani sana, na baadhi ya matawi yake yalikuwepo kabla mababu zetu na mababu wa sokwe hawajaachana.

Lakini nawaona, tayari mnauliza: babu, inawezekana mimi nikawa na hiyo B*57? Inawezekana. Wapo watu ambao miili yao huvibana VVU miaka mingi bila dawa, na hawafiki hata mmoja kati ya 100 walioambukizwa. Tena kuwa na jeni hiyo si tiketi. Wengi wanayo na bado wanaugua kama wengine. Nayo ina bei yake: toleo moja la jeni hiyohiyo, B*57:01, ndilo linalofanya baadhi ya watu wapatwe na mzio mkali wa dawa ya abakavia, ambayo ni mojawapo ya dawa za kufubaza VVU, na mzio huo unaweza kuua. Kwa bahati njema ni nadra kwetu. Nimewaona vijana waliopewa dawa, wakanenepa, wakarudi kwenye mashamba ya mpunga Mpimbwe au machimboni, wakaanza kusema mwili wangu unajipigania. Wakaacha. Aliyewanenepesha ni kidonge cha kila siku, sio babu. Anayemeza dawa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo haambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa. Hakuna jeni ya Neanderthal wala ya sokwe inayokupa hilo.

Na kwa sokwe hao, kama unapata kibarua cha doria Ntakata au kupeleka wageni, ukiwa na mafua kaa nyumbani. Mahale, mwaka 2006, sokwe walikufa kwa ugonjwa wa kifua, na kirusi kilichopatikana kilikuwa cha ukoo wa virusi vya binadamu. Tunaogopa watuambukize, na sisi tunawaua kwa kikohozi. Nyama ya nyani na sokwe msiiguse, hata mkiambiwa ni dawa.

Kuna jambo moja la vijiweni nililoliweka kando, la damu nyepesi ya Wahindi. Mpanda hii imejengwa na watu wa kuja. Kuna waliokuja na reli na mgodi wa risasi wakati wa mkoloni, kuna wenye maduka ambao babu zao walivuka bahari, kuna Wasukuma waliofuata malisho, kuna ndugu zetu waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakapangiwa Katumba na Mishamo, wengi wao leo ni raia wenzenu. Takwimu za jeni zinazungumzia kundi la maelfu. Hazikwambii lolote la uhakika kuhusu huyo aliyesimama mbele yako na kitabu cha mikopo. Ukisema asilimia 63 ya Wabangladeshi wana kipande fulani, umesema pia kwamba 37 hawana, na hakuna jicho la kuwatenganisha. Mtu akianza kuwapanga watu wa mji huu kwa ubora wa damu, mwacheni aongee peke yake. Sisi wa rika langu tumewaona Warundi wakishuka na watoto mgongoni, na tunajua maneno ya damu yaliwafikisha wapi.

Chanjo ya korona ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 28 Julai 2021, na wapo miongoni mwenu ambao mpaka leo wanajivunia kuikwepa. Hayo yamepita, sitawafukuza nayo. Ila zipo chanjo za homa ya ini, ya surua kwa watoto wenu, ya mlango wa kizazi kwa mabinti. Hizi hazimuulizi mtu kabila. Zinaufundisha mwili jambo ambalo kwa njia ya urithi lingechukua vizazi mia, na kwa gharama ya makaburi mengi.

Namalizia na swali la binti mmoja wa sekondari, aliyeniuliza kama ni vizuri kutoa mate kwa watafiti au kwa kampuni za nje zinazokuambia asili yako. Swali zuri. Vinasaba vingi vilivyosomwa duniani ni vya Wazungu, sisi tumesomwa kidogo mno. Mwaka 2012 watafiti walipochapisha usomaji wa vinasaba vizima vya Wahadza watano na Wasandawe watano wa hapa Tanzania, pamoja na Mbilikimo watano wa Kamerun, walikuta dalili za watu wengine wa kale kabisa waliozaa na mababu wa Waafrika, watu ambao mifupa yao haijawahi kutambuliwa. Kwa hiyo na sisi tuna wageni wetu ndani ya damu, na huenda baadhi yao walituachia kinga au udhaifu ambao hakuna aliyeupima. Ni vyema tusomwe. Lakini tusomwe kwa utaratibu. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Anayekujia na kichupa muulize kibali chake, mate yako yatakaa wapi na kwa muda gani, nani mwingine atapewa, na kama wakikuta jambo linalohusu afya yako watakuambia. Akikujibu ukaridhika, mtemee. Akikwambia weka saini kwanza, maelezo yatafuata, mrudishie kalamu yake.